Bastola haiuzwi pamoja na busara

Ndugu msomaji, mazungumzo ya juma hili niliyasoma redioni Jumapili usiku. Najua sehemu kubwa ya mji umeme ulikatika saa ile, kwa hiyo nayarudia hapa kwa faida ya waliokosa.

Nianze na simu. Dada yangu wa Tanga alinipigia alfajiri moja akilia. Mwanawe wa pili, ambaye huendesha teksi usiku katika mji wa Houston, jimbo la Texas, kule Marekani, alikuwa ameporwa. Vijana wawili walimwelekezea bastola kwenye maegesho ya magari, wakachukua simu na mapato ya usiku mzima. Hakuumia. Lakini kilichomliza dada yangu hakikuwa kuporwa. Kijana alikuwa amemwambia mama yake kwamba sasa na yeye ananunua bastola.

"Wewe ndiye mjomba wake," dada akaniambia. "Zungumza naye. Mimi hanisikii."

Nikampigia. "Shikamoo mjomba," akasema. "Marahaba. Mama yako ananiambia unataka kuwa askari." Akacheka kidogo, kisha akasema neno lililonifunga mdomo: "Mjomba, wewe uko Dar. Mimi saa nane za usiku niko peke yangu na abiria nisiyemjua, na pengine ana bastola. Unanishauri nini?"

Sikuwa na jibu. Ilitokea kwamba Aprili ya mwaka 2023 nilikuwa na safari ya huko. Nikamwomba jambo moja tu: asinunue chochote kabla hatujakaa pamoja katika darasa mojawapo la kufundisha raia kubeba silaha. Akakubali. Ninayoyaeleza leo ni yale niliyoyaona humo ndani, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

Kwanza tuelewe raia wa kawaida anafikaje mahali pa kutembea na bastola chini ya shati. Zamani katika majimbo mengi ya Marekani, mkuu wa polisi au jaji aliweza kukunyima kibali kwa kuona tu kwamba huna sababu ya kutosha. Mabadiliko yalipata kasi baada ya Florida kupitisha sheria yake mwaka 1987. Sheria ile ilisema mtu mzima asiye na rekodi ya uhalifu, akitimiza masharti yaliyoandikwa, mafunzo yakiwemo, lazima apewe kibali. Majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine.

Texas ilikuwa na kisa chake. Tarehe 16 Oktoba 1991, katika mji wa Killeen, mtu mmoja aliingiza gari lake kwa kuvunja dirisha la mgahawa wa Luby's saa ya chakula cha mchana, akashuka na kuanza kuwapiga watu risasi. Aliua watu 23. Ndani alikuwamo mama mmoja, Suzanna Gratia, pamoja na wazazi wake wawili. Mama huyu alikuwa na bastola, lakini ilikuwa ndani ya gari nje, kwa sababu sheria ya Texas wakati ule ilimkataza kuibeba. Baba yake alimkimbilia muuaji akapigwa risasi. Mama yake alibaki kando ya mumewe, naye akauawa. Yeye alitokea dirishani akapona. Miaka iliyofuata alikwenda kutoa ushahidi mbele ya wabunge mahali pengi, na mwaka 1996 yeye mwenyewe akachaguliwa kuingia katika Bunge la Texas kwa jina la Suzanna Hupp.

Gavana Ann Richards alikuwa ameukataa muswada wa mwaka 1993 uliotaka wananchi wapige kura juu ya jambo hilo. Aliyemfuata, George W. Bush, alitia saini sheria ya vibali mwaka 1995, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1996.

Sasa hapa ndugu msomaji naomba utulie, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Sheria ile ya 1995 ilimtaka mwombaji akae darasani saa 10 hadi 15. Mwaka 2013 Bunge la Texas likapunguza, zikawa saa 4 hadi 6. Kisha kuanzia tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 au zaidi ambaye hakatazwi na sheria kumiliki bastola anaweza kuibeba bila kibali na bila darasa lolote. Kibali bado kinatolewa kwa anayekitaka, na wengi bado wanakichukua kwa sababu kinakubalika katika majimbo mengine mengi, lakini si lazima tena.

Nako New York wakaenda upande mwingine. Baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuibatilisha sheria yao ya zamani mwezi Juni 2022, walitunga mpya inayodai saa 16 darasani na saa 2 za kupiga risasi uwanjani. Kufikia Julai 2024, majimbo 29 yalikuwa yamefika mahali pa kutodai kibali. Bastola ni ile ile, risasi ni ile ile. Huku mtu anadaiwa saa 18 na kule hadaiwi hata dakika moja.

Basi tukaenda darasani. Kilikuwa chumba nyuma ya duka la silaha, na ndani wanafunzi 14 wamekaa kwenye viti vya plastiki. Walikuwapo wauguzi wawili, mzee mmoja mstaafu aliyekuja na mkewe, vijana kadhaa, na mama mmoja Mkongo wa Uvira anayefanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Alipotusikia tukizungumza Kiswahili akasogeza kiti chake. "Kwetu tulikimbia bunduki, ndugu yangu," aliniambia. "Huku wananiambia niinunue."

Mimi sikuruhusiwa kushika kitu. Sheria ya shirikisho ya nchi ile inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya matembezi kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa masharti machache kama vile leseni ya uwindaji. Mpwa wangu ana kadi ya ukaazi wa kudumu, kwa hiyo yeye anaruhusiwa. Nikapewa kiti cha nyuma na daftari langu.

Mwalimu alikuwa polisi mstaafu, mtu wa sauti ya taratibu. Alianza na kanuni nne ambazo shule nyingi za huko hufundisha. Zilienezwa na Jeff Cooper, afisa wa zamani wa kikosi cha wanamaji, aliyefungua shule yake ya bastola Arizona mwaka 1976. Nazieleza kwa maneno yangu. Ya kwanza, ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, hata kama umetoka kuikagua sasa hivi. Ya pili, mdomo wa bunduki usiuelekeze kamwe kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Ya tatu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umekwisha kulenga na umeamua. Ya nne, kijue unachokilenga, na ujue nyuma yake kuna nini.

Ukizitazama utaona zimepangwa kama milango ya nyumba. Ukisahau kuwa ina risasi, lakini kidole kiko nje, haitalia. Ikilia kwa bahati mbaya, lakini mdomo unatazama ardhini, hakuna atakayekufa. Ili mtu auawe kwa ajali, lazima kanuni zaidi ya moja zivunjwe kwa pamoja. Mwalimu alituambia kwamba ajali nyingi alizoziona katika kazi yake ziliwapata waliozoea, wala si wageni wa silaha. Mgeni anaogopa. Aliyezoea ndiye anayesema haina kitu.

Baada ya hapo ikaja sheria, na hii ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko yote. Nilidhani tungekaa siku nzima tukijifunza kupiga. La hasha. Sheria ya Texas yenyewe inataja mambo ambayo darasa la kibali lazima liyafundishe: sheria za silaha na za matumizi ya nguvu ya kuua, namna ya kuishika na kuitumia bastola kwa usalama, namna ya kumaliza ugomvi bila nguvu, na namna ya kuihifadhi ili mtoto asiifikie.

Mwalimu aliuliza: mtu akikutukana matusi ya nguoni mbele ya mkeo, unaweza kutoa bastola? Kijana mmoja akasema inategemea matusi. Darasa likacheka, lakini mwalimu hakucheka. Sheria ya Texas inasema wazi kwamba maneno peke yake hayahalalishi kutumia nguvu, seuze nguvu ya kuua. Vilevile aliyechokoza ugomvi anapoteza kinga ya kusema alijitetea, mpaka awe amejitoa na mwenzake akaona amejitoa, naye bado anamfuata.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 2007 sheria ya Texas haimlazimishi mtu kukimbia kwanza, ikiwa yuko mahali anapostahili kuwa, hakuchokoza na hafanyi kosa. Na ni kweli sheria ya jimbo hilo, kwa masharti maalum, inaruhusu nguvu ya kuua hata kwa kuzuia wizi wa mali usiku, jambo ambalo majimbo mengi hayaliruhusi. Lakini mwalimu aliliweka hivi: sheria inakuambia kile ambacho huenda usifungwe kwa kukifanya, haikuambii kile utakachoweza kulala nacho. Na kabla hujaachiwa, kwanza utakamatwa, silaha yako itachukuliwa, wakili atataka fedha, na watu 12 usiowajua wanaweza kuitwa kuamua kama hofu yako ilikuwa hofu ya mtu mwenye akili timamu.

Yapo pia mahali ambapo bastola haiingii: shuleni, mahakamani, kwenye kituo cha kupigia kura. Baa inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe inayonyweka pale pale hubandika bango lenye namba hiyo kwa rangi nyekundu, na mwenye bastola akiliona anatakiwa ageuke. Nilipoliona bango hilo nilikumbuka baa zetu fulani hapa mjini, ambako mwenye leseni huiweka bastola mezani kando ya chupa ili watu wajue yeye ni nani. Hicho si kinga. Ni kujionyesha kwenye risasi.

Alasiri tukaenda uwanja wa shabaha. Mtihani ni risasi 50 kwenye karatasi yenye umbo la mtu: risasi 20 kutoka yadi 3, nyingine 20 kutoka yadi 7, na 10 kutoka yadi 15, ambazo ni kama mita 14. Alama zote ni 250, na ukipata 175 umefaulu. Mpwa wangu alipata 221. Mama wa Uvira, ambaye mikono ilimtetemeka mwanzoni, alimpita. Wote 14 wakafaulu, wakapiga picha.

Nikamfuata mwalimu nikamuuliza: je, hawa sasa wanaweza kujilinda? Akaniambia, "Wanaweza kupiga karatasi." Kisha akanionyesha yale ambayo mtihani haukuyagusa. Hakuna mwanafunzi aliyetakiwa kuitoa bastola kutoka kwenye ala yake chini ya nguo, na hiyo ndiyo maana nzima ya kuibeba kwa siri. Karatasi haikutembea, haikupiga kelele, haikusimama mbele ya dirisha lenye watoto nyuma yake. Hakukuwa na giza, wala mapigo ya moyo ya mtu anayeogopa kufa.

Mwaka 1983 sajini mmoja wa polisi wa mji wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika makala ambayo bado inafundishwa. Alipima muda ambao mtu mwenye kisu huchukua kukimbia yadi 7, yaani mita 6 na kitu. Ilikuwa sekunde moja na nusu hivi. Hesabu mwenyewe: ndani ya muda wa kusema "simama hapo hapo", umetakiwa kugundua hatari, kuamua, kuinua shati, kutoa bastola, kulenga na kupiga.

Na hata anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo hukosa. Taasisi ya utafiti ya RAND iliwachunguza polisi wa New York na kutoa ripoti mwaka 2008. Katika matukio ya kurushiana risasi kati ya mwaka 1998 na 2006, risasi za polisi zilizompata aliyelengwa zilikuwa asilimia 18 tu. Pale ambapo mpinzani hakurusha risasi, zilifika asilimia 30. Swali ni hili: zile nyingine zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye ukuta, kwenye gari, au kwa mpita njia. Nayo kanuni ya nne inasema nyuma ya unachokilenga pana kitu.

Sitaki msomaji adhani nasema raia mwenye silaha hana maana kabisa. Jirani zetu wa Nairobi wanakumbuka tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, ambako watu wasiopungua 67 waliuawa. Miongoni mwa wa kwanza kuingia kuokoa watu walikuwa raia wenye bastola za leseni, wakiandamana na polisi wachache waliovaa kiraia. Mmoja wao, Abdul Haji, alikwenda kumtafuta ndugu yake aliyekwama ndani, akasaidia kuwatoa watu asiowajua. Wapo walio hai leo kwa sababu ya watu hao.

Lakini sarafu ina upande wa pili. Juni 2021, katika mji wa Arvada, jimbo la Colorado, mtu mmoja alimuua polisi kwa risasi hadharani. Raia aliyekuwa na bastola yake akatoka, akampiga muuaji na kumzuia. Kisha akaichukua bunduki ya muuaji mkononi. Polisi mwingine akafika, akaona mtu mwenye bunduki kubwa, akampiga risasi akamuua. Alikuwa shujaa, na alikufa kwa sababu shujaa hana alama usoni. Mwalimu wetu alirudia jambo hili mara tatu: polisi wakifika, bastola iwe imerudi kwenye ala au iko chini, mikono iwe mitupu na ionekane. Dereva akisimamishwa, mikono kwenye usukani, aseme taratibu kwamba ana silaha, na asipeleke mkono popote mpaka aambiwe. Mpwa wangu aliandika hilo kwa herufi kubwa. Kijana mweusi usiku katika gari hahitaji kuelezwa kwa nini.

Nimebakiza sehemu ambayo mwalimu aliipitia kwa dakika kumi mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kutazama saa: nyumbani. Mpwa wangu ana mtoto wa miaka mitatu. Bastola ya kujilinda usiku hutakiwa iwe karibu na iwe tayari, na mtoto wa miaka mitatu hufungua kila kabati lililo karibu. Texas ni kosa kuacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia. Lakini mashitaka hayamfufui mtoto. Dawa ni kisanduku cha chuma chenye kufuli ya namba au ya alama ya kidole, kilichofungwa kwa parafujo kitandani au ukutani.

Na kuna jambo jingine ambalo halikutajwa kabisa. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini Marekani. Kati yao, waliojiua wenyewe walikuwa 26,328, zaidi ya nusu. Kwa hiyo anayenunua bastola akimwogopa mporaji, ajue kwamba hesabu ya nchi ile inaonyesha risasi nyingi zinazoua hazitoki kwa mporaji. Hutoka kwenye droo ya nyumba yenyewe, siku mtu wa nyumba hiyo amekata tamaa. Mtu akifukuzwa kazi, akiachwa na mke, au akizama kwenye pombe, ndipo ndugu yake anatakiwa amwambie: nipe hiyo nikuhifadhie kwa muda. Hilo lilistahili saa nzima, nasi hatukupewa hata dakika moja.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kijana ameamuaje. Akasema, "Mjomba, nitanunua. Lakini nitaanza na kisanduku." Sikumpinga. Mimi nilikuwa narudi Dar, yeye anabaki na usiku wake. Alinunua kisanduku mwezi ule, bastola miezi miwili baadaye, na kila mwezi huenda uwanjani kwa saa moja na kulipia mwalimu wa kumfundisha kuitoa kwenye ala.

Mwaka uliofuata alinipigia mwenyewe. Alikuwa amesimama kwenye kituo cha mafuta saa tisa za usiku, ndani ya gari, milango imefungwa. Mtu akatokea gizani akikimbia, akaanza kugonga kioo kwa ngumi na kupiga kelele ambazo hakuzielewa. "Mjomba, mkono ulikuwa umeshafika kiunoni," aliniambia. "Nikakumbuka gari lina gia." Akaliondoa gari. Alipofika mtaa wa tatu akasimama, akatetemeka robo saa nzima, ndipo akawapigia polisi simu kuwaeleza.

Mpaka leo hajui yule mtu alitaka nini. Huenda alikuwa mporaji. Huenda mkewe alikuwa anajifungua ndani ya gari lililozimika na alitafuta msaada. Kijana anasema lile la kutojua linamsumbua usiku mwingine. Nikamwambia ashukuru Mungu, maana angepiga risasi angelijua, na angelijua kila siku mpaka kufa kwake.

Dada yangu bado hajaridhika, na simlaumu. Lakini wewe msomaji ambaye una ndugu huko, au una fomu ya leseni mkononi hapa hapa, usiulize kwanza bei ya bastola. Uliza utajifunza kwa nani, kwa saa ngapi, na utaiweka wapi ukiwa umelala. Asiye na majibu ya maswali hayo, duka litamuuzia hata hivyo.

Tukutane juma lijalo, umeme ukituruhusu.